Makanga wa Angani

Wacha nianze na ile kanda, juu bila hiyo kanda stori yote haina miguu. Ilikuwa 1994, nina miaka tisa, tunaishi Langa Langa pale Nakuru, na kwa laini yetu yote nyumba yenye deki ilikuwa moja, ya tatu kutoka kwetu. Baba wa hapo alikuwa anaendesha trela za Kampala na kila akirudi lazima aje na kitu, mara ndizi, mara redio, na hiyo siku alikuja na kanda nne hazina makava, moja imeandikwa HARUSI kwa kalamu. Tukaiweka tukijua tunaenda kuona harusi ya Waganda. Na kweli nusu saa hivi ilikuwa harusi, bibi harusi analia, mashangazi wanapiga vigelegele, alafu picha ikajaa mistari, ikaruka, tukajipata kwa jangwa, kuna shimo kwa mchanga lina meno, na jamaa mmoja amesimamishwa juu ya ubao anangoja kusukumwa ndani.

Hivo ndivyo niliingia Star Wars, zile muvi za Marekani za vita vya angani. Hiyo ilikuwa Return of the Jedi, ya tatu katika zile za kwanza, ya 1983, na sisi tukaiona ikiwa imeshaanza zamani, na mtu mwingine alikuwa amerekodi harusi juu ya mwanzo wake. Kwa miaka kadhaa mimi nilijua mwisho wa hadithi bila kujua mwanzo. Ile siri kubwa ya nani ni baba ya nani, ile watu wa 1980 walitoka nayo kwa sinema midomo wazi, mimi niliipata kama habari ya kawaida tu, ni kama kuambiwa mwalimu wa hesabu ni mjomba wa jirani. Sawa, ni babake, endelea.

Kitu kilitumaliza ni ule upanga wa mwanga. Hatukujua jina lake, sisi tuliuita tyubu, juu unafanana kabisa na zile tyubu za stima za kwa ofisi, na nyuma ya soko kulikuwa na mahali watu wanatupa tyubu zilizoungua. Nadhani unaona hii inaenda wapi. Mimi na kijana mkubwa wa hiyo nyumba ya deki tulisimama tukiangaliana, kila mtu na tyubu yake ya futi nne, mdomo unafanya vuuuum, pigo la kwanza tu zote mbili zikapasuka, unga mweupe kila mahali, na kidole gumba changu kikafunguka, mpaka leo kina alama imenyooka kama ya rula. Mathe hakuuliza nani alianza. Alinifunga kitambaa, akamaliza vizuri, alafu akanichapa mkono ule mzima.

Nilikuja kusoma baadaye sana kwamba ile vuum yenyewe, jamaa wa sauti anaitwa Ben Burtt aliitoa kwa mota ya projekta kuukuu akachanganya na mlio wa tivii, na zile ndege za adui zinazopita zikilia, hapo kuna sauti ya ndovu imechanganywa na gari likipita kwa lami yenye maji. Ndovu! Mimi nimezaliwa nchi ya ndovu na siku zote nilidhani huo ni mlio wa Marekani. Na wale wafupi wa jangwani wenye makofia, wale wanauza mitambo kuukuu, lugha yao alianzia kwa Kizulu akaiharakisha. Yaani ukichimba chini ya hiyo muvi unakuta vitu hukutarajia, na hapo ndio narudi kwa stori yangu.

Kuelekea mwisho wa ile kanda kuna vita kubwa angani, na ile ndege mbovu maarufu, Millennium Falcon, siku hiyo inaendeshwa na Lando, mmoja wa mashujaa, na kando yake kuna kiumbe mfupi, macho meusi makubwa, mashavu yamening'inia kama mtu ameweka githeri mdomoni akasahau kumeza. Jina lake ni Nien Nunb lakini hiyo sikuijua. Sasa huyo mtu wa mashavu akafungua mdomo akaongea Kikuyu. Naomba uelewe, sisemi kitu kinafanana na Kikuyu, nasema Kikuyu cha nyumbani, nilisikia wazi kabisa anaita watu, ati nyinyi mlio hapo, nyote, ukai haha, kujeni hapa.

Nikaruka kwa kochi. Nikasema huyo anaongea Kikuyu! Sasa hao jirani walikuwa Wajaluo, na hiyo tivii spika yake ilikuwa inakoroma, na nyumba nzima ilikuwa na watoto kama kumi na mmoja na ni mimi peke yangu nilikuwa najua hiyo lugha. Walicheka mpaka baba wa trela akatoka chumbani. Nikaomba warudishe nyuma wasikie, wakakataa, wanataka kuona vita. Kesho yake shule nzima ilikuwa inaniita Mkikuyu wa Mwezi. Wiki hiyo hiyo stima ikapotea ikirudi na nguvu, deki ikatafuna kanda, harusi na Jedi zote zikaenda pamoja, na ushahidi wangu ukaisha hapo.

Mtu akikuita muongo muda mrefu unaanza kujiuliza. Nilipofika sekondari nilishapata kuona hizo zingine mbili, ya 1977 na ya 1980, na kote humo hakuna mtu anaongea Kikuyu, kwa hivyo nikajiambia nilikuwa mtoto, nilisikia nilichotaka kusikia. Nikakua fani wa kawaida. Nilijua Tatooine, ile sayari ya jangwa, imetoka kwa jina la mji wa Tunisia unaoitwa Tataouine, nilijua mwenye mwili wa Darth Vader, yule adui mkubwa wa nguo nyeusi, ndiye baba wa ile siri, na mwenye sauti yake ni watu wawili tofauti, nilijua vitu ambavyo havimsaidii mtu kupata kazi.

2005 shosho akaletwa Nakuru kutoka Ndaragwa kutibiwa macho. Nilikuwa na miaka ishirini, nimefunga chuo, nikapewa kazi ya kukaa naye. Jicho moja limefungwa bandeji, lingine lenyewe halioni mbali, na yeye si mtu wa kukaa bure, kwa hivyo alikuwa na sinia ya njahi mapajani anachambua kwa vidole, bila kuangalia. Mimi nayo nilikuwa nimenunua zile tatu kwa sidii ya shilingi hamsini mjini, maandishi ya Kichina chini, picha safi. Nikaweka ya tatu juu hiyo ndiyo yangu. Shosho hakusema kitu saa nzima na zaidi. Milipuko, sawa. Wale dubu wadogo wa msituni wakilia, akauliza kama ni mbuzi.

Alafu tukafika kwa vita vya angani, na yule wa mashavu akasema maneno yake.

Shosho hakuinua kichwa. Vidole viliendelea na njahi. Akasema, "Tuje wapi? Kwanza atwambie hiyo gari ni ya wapi."

Mimi nilikaa hapo nimeshika rimoti kama mtu amepigwa na stima. Nikamuuliza shosho, umesikia amesema nini? Akanishangaa. Yeye ananiita bwana yake, juu nimepewa jina la guka, akasema, "Si makanga anaita watu, bwana yangu, kwani wewe husikii?" Kwake hakukuwa na cha ajabu. Kuna gari, ina dereva, kando kuna jamaa wa mashavu anaita abiria. Lugha ya steji ni lugha ya steji. Nikarudisha nyuma, nikarudisha tena, mara ya tatu akasikiliza vizuri kabisa na ile shingo ya watu wasioona, akasema, "Lakini huyo si wa kwetu. Anaongea tu vizuri. Ni mtu amekaa na sisi."

Na kuna kingine alisema siku hiyo. Hiyo sidii ilikuwa ya toleo la 2004, lile walibadilisha mwisho, kwamba Darth Vader akishakufa na roho yake ikatokea pamoja na wale wazee wengine, badala ya yule mzee wa 1983 wakaweka kijana, Hayden Christensen, yule wa zile muvi mpya. Mafani tulilia sana kuhusu hiyo, mimi nilikuwa na hotuba nzima, na nikampa shosho hiyo hotuba, kwamba huwezi kuchukua mtu mzee aliyekufa ukamrudisha kijana, ni wizi. Akaniacha nimalize. Akasema, sasa guka yako alirudi akiwa na umri gani? Akaninyooshea kidole chenye vumbi la njahi. Nikanyamaza. Kwetu ukimpa mtoto jina la babu, babu amerudi, na hakuna anayerudi akiwa na mvi. Mpaka leo nikifika hapo siwezi kukasirika vizuri.

Jina la mwenye sauti nililipata 2008. Nakuru ya Januari mwaka huo, ile vita ya baada ya uchaguzi, sitaielezea hapa, waliokuwepo wanajua. Nitasema tu kwamba ile nyumba ya tatu, ya deki, walihama kwa lori na vitu nusu, na sisi tulisimama kwa geti hatujui useme nini kwa watu mliokula nao miaka kumi na tano. Baada ya miezi kadhaa, vitu vimetulia, nilikuwa kwa saiba natafuta kazi, nikaandika jina la yule kiumbe tu hivi hivi. Ikatokea kwamba sauti ilikuwa ya mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani wakati huo, Kipsang Rotich. Kipsang. Rotich. Jina la Kikalenjin, anaongea Kikuyu, angani, 1983. Ni mtu amekaa na sisi. Kulikuwa na dakika kama ishirini zimebaki kwa ile saiba na nilizimaliza zote nimeangalia hayo majina mawili, sikutafuta kazi tena siku hiyo.

Nilitaka kumwambia yule kijana mkubwa wa tyubu kwamba sikuwa muongo. Sikuwa na namba.

Sasa nisijifanye mtu mzuri kwa hii stori, juu kuna upande wangu mwingine. Fani akikaa na kitu muda mrefu anaanza kudhani ni shamba lake. Zile muvi tatu za 1999, 2002 na 2005 mimi nilizikataa kama mtu amekatalia posho, na hasa hiyo ya kwanza, na hasa hasa yule Jar Jar wa masikio marefu anayeanguka anguka. Sasa dada yangu ana binti, na huyo binti akiwa na miaka tisa alimpenda Jar Jar kuliko vitu vyote. Alijua kutembea kama yeye. Angeingia sebuleni anayumba, mikono inaning'inia, ananiangalia nicheke. Na mimi, mtu mzima wa miaka ishirini na saba, nikamweka chini nikamweleza kwa nini huyo ndiye aliharibu kila kitu. Na sababu nilikuwa nazo. Nilimwambia wakati sisi tunaanza hakukuwa na upuzi kama huo, eti wakati sisi tunaanza, mimi niliyeanzia kwa harusi ya Waganda na kurushiana tyubu za takataka.

Hakulia. Ingekuwa afadhali. Alisema tu "sawa anko" na hakutembea vile tena, na tangu siku hiyo nikiweka muvi anakumbuka ana homuweki.

Desemba 2015 ikaja The Force Awakens na mji wote wa Nairobi ulikuwa unaongea juu ya Lupita Nyong'o, juu ameshinda Oscar mwaka uliotangulia na sasa ako kwa Star Wars. Nilimwalika binti wa dada, akasema ako bize. Nikaenda peke yangu. Kama ulikuwa hapo unakumbuka: watu walivaa, watu walikuja na mama zao, na muvi ikaenda ikaenda, nyuma yangu mama mmoja kila dakika kumi anauliza kwa sauti, Lupita ako wapi? Alafu anatokea kibibi kifupi cha rangi ya machungwa, mikunjo kila mahali, miwani mikubwa, Maz Kanata, na huyo ndiye, wamemchukua kwa kompyuta, uso wake wenyewe hauonekani ata kidogo. Yule mama alipoambiwa alisema "ngai" ile ndefu. Mimi nilicheka, lakini baadaye nikaanza kusikiliza badala ya kuangalia, na sauti ni yake, iko hapo tu, na nikafikiria hii ni mara ya pili hawa watu wanaweka Mkenya kwa ndege zao na wanamficha sura.

Na yule wa mashavu pia alirudi humo! Kipsang Rotich mwenyewe, baada ya miaka thelathini na kitu, wakamrudisha afanye sauti yake. Si sehemu kubwa, ukikohoa inapita. Nilicheka peke yangu kwa giza mahali hakuna kichekesho na jamaa wa kando akahamisha popkoni yake.

Wiki hiyo nilisumbua watu mpaka nikapata namba ya yule kijana wa tyubu, sasa ako Kisumu, ana watoto watatu. Nikamtumia ujumbe mrefu sana, jina la Rotich, mwaka, kila kitu, na kipande cha sauti chenyewe. Kulikuwa na vitu vingine vya kuambiana, vya lori, na sikujua pa kuanzia, nikaanza na hicho. Alijibu kesho yake. "Nimesikiliza mara nne. Bado wewe ni muongo tu." Alafu baada ya dakika, "Kidole kilipona?"

2018 ndio nilisoma habari ya Ahmed Best. Huyo ndiye aliyecheza Jar Jar, jamaa mweusi, mchezaji mzuri kabisa, na yeye mwenyewe alieleza mwaka huo kwamba yale matusi ya mafani yalimfikisha juu ya daraja pale Brooklyn akifikiria kujiua. Aliweka picha akiwa hapo na mtoto wake, miaka karibu ishirini baadaye. Na mwaka huo huo Kelly Marie Tran alifuta picha zake zote Instagram juu ya mambo hayo hayo, kosa lake likiwa kucheza kwa muvi ya Star Wars. Mimi sikuwahi kumwandikia mtu matusi. Nilikaa nikijitetea hivo jioni yote. Lakini nilijua ile hotuba niliyompa mtoto wa miaka tisa imetoka jiko moja na hayo, sufuria tu ndogo. Nilishika simu nimwandikie, yeye sasa ako kidato cha kwanza au cha pili, nikaandika nikafuta, nikamtumia pesa ya shopping. Unajua venye sisi tunaombaga msamaha.

Ni yeye alianza. Septemba 2024 James Earl Jones, mwenye sauti ya Darth Vader, alifariki akiwa na miaka 93, na asubuhi nikapata ujumbe, "Pole anko, nimeona mzee wa sauti ameenda." Sikujua ata anajua hiyo sauti ni ya nani. Nikamuuliza. Akasema alikuwa anasikilizia kwa korido wakati wa ile homuweki.

Kwa hivyo Desemba iliyopita tulikuwa kwangu, yeye, mimi, laptopu na spika ndogo. Shosho alituacha 2011. Kabla hatujaanza nilimwambia, Jar Jar, kuhusu Jar Jar, akasema, "Anko, weka muvi." Nikaweka ya tatu. Huyu amezaliwa Nairobi, Kikuyu anajua cha salamu na cha kukataa chakula, kwa hivyo tulipofika kwa Millennium Falcon nilisimamisha nikamwambia, ngoja usikie huyu. Akasikia. Akauliza anasema nini, nikamwambia anaita watu. Akasema, na hiyo ingine? Nikarudisha. Ile ingine, ya mbele kidogo, kusema ukweli sijawahi kuishika vizuri, miaka thelathini najifanya naijua. Tukarudisha kama mara sita. Yeye akasema si tumpigie cucu, yaani mathe wangu, ako Nyahururu.

Ilikuwa saa nne usiku. Mathe akachukua, tukamwambia asikilize tu asiulize, binti akaweka simu karibu kabisa na spika, nikabonyeza. Milipuko, Lando anapiga kelele, alafu yule jamaa wa mashavu.

Simu ikanyamaza kidogo.

"Nyinyi," mathe akasema, "mko steji gani usiku huu wote?"